Sehemu ya 6: Alikuwa Anabana Chaji

Leo nimetoka shifti ya asubuhi, nimeoga, nimekula, nimeshika simu. Niliahidi kwamba Sehemu ya 6 itakuwa ya mto wa kukalia, ila naomba mto usubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na naona nisipolisema leo sitalisema tena. Linahusu betri. Ndiyo, betri. Na linahusu kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa nia njema kabisa.

Mhusika nitamwita Kaka, kwa sababu ndivyo ninavyomwita hata tukiwa naye. Anaishi Kigamboni. Alidondoka kwenye mnazi, akavunjika shingo. Wodi yetu haikosi mtu aliyeanguka mnazi au mwembe, kwa hiyo alipoletwa hakuna aliyeshangaa. Alipona kwa kiasi chake: mabega yanafanya kazi, mkono anakunja, ila vidole havishiki kitu. Miguu haina nguvu. Na kuanzia kifuani kwenda chini hana hisia. Ukimchoma sindano kwenye paja hajui. Shikeni hapo kwenye hisia, tutarudi.

Mtu wa hivyo hawezi kusukuma wilichea ya mkono kwenye mchanga wa Kigamboni. Hata mimi na mikono yangu miwili nimejaribu nikashindwa. Bahati nzuri akapata kiti mwendo cha umeme kilichotumika, kilichotoka nje ya nchi kwa meli pamoja na vifaa vingine vya msaada. Kina kijiti cha kuendeshea, anakisukuma kwa kiganja. Na kina kitufe kimoja ambacho kwangu mimi nesi ndicho cha thamani kuliko vyote: ukikibonyeza, kiti chote kinainama kwenda nyuma na uzito wa mwili unahama kutoka makalioni kwenda mgongoni.

Mimi na wewe tukikaa sana tunaumia, tunajisogeza. Hata usingizini tunajigeuza. Asiye na hisia hasikii maumivu, kwa hiyo hasogei, na nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kiti inakosa damu, inaanza kufa. Hivyo ndivyo kidonda cha mgandamizo kinavyoanza. Nilimfundisha Kaka mwenyewe: kila nusu saa laza kiti, kaa hivyo kama dakika mbili, rudi. Akashika.

Maisha yakaanza kurudi. Akafungua kibanda cha kutuma na kutoa pesa, kama kilomita moja na nusu kutoka nyumbani. Mpwa wake anahesabu noti, yeye anasimamia. Asubuhi anaenda, jioni anarudi, mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Alipokuja kliniki alikuwa ameng'aa kama bwana harusi.

Baada ya mwaka hivi betri zikaanza kuchoka. Siku moja kiti kikazima katikati ya mchanga, vijana wakakisukuma mpaka nyumbani. Kile kiti na betri zake na yeye mwenyewe juu si mchezo. Alinisimulia huku anacheka, lakini nilimuona haya aliyokuwa nayo usoni.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na huruma yangu.

Nikaanzisha mchango wodini. Manesi, wahudumu, daktari mmoja, hadi ndugu wa wagonjwa wengine. Tukapata laki moja na themanini. Kiti kina betri mbili. Fundi wa mtaani kwao alikuwa amezicheki akasema moja imekufa, nyingine "bado bado." Nikaona afadhali, tutanunua moja. Nikaenda mjini dukani, nikasema nataka betri ya volti 12 ya kiti mwendo. Muuzaji akanionyesha betri ya gari ndogo, akaniambia imefungwa, haihitaji kuongezwa maji, haina shida. Mimi nikasikia "imefungwa" nikaridhika. Nikalipa, nikapanda pantoni nayo, nikamkabidhi. Tukapiga na picha. Haikuingia vizuri kwenye sehemu yake, kifuniko kikagoma kufunga, fundi akaikaza kwa mpira wa tyubu. Nikasema si neno.

Jamani, ule mpira wa tyubu ulikuwa unaniambia kitu. Sikusikiliza.

Wiki kumi baadaye Kaka akaja kliniki. Nikamuuliza maswali yetu ya siku zote. Mkojo? Mzuri. Choo? Kizuri. Homa? Hakuna. Unalaza kiti kila nusu saa? "Nalaza, sista." Mama yake amekaa pembeni anaangalia chini. Tukamhamishia kitandani, tukamgeuza, nikanyamaza. Kwenye mfupa wa kukalia upande wa kulia kulikuwa na shimo ambalo lingemeza kidole changu cha gumba. Na lilishaanza kunuka.

Sikumfokea. Nilimuuliza polepole, "Kaka, kweli ulikuwa unalaza kiti?"

Akakaa kimya muda. Halafu akasema, "Nilikuwa nabana chaji, sista. Nikilaza-laza naona taa zinashuka. Nikaona bora nibaki na ya kunirudisha nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kama betri imesumbua tena. Akasema, "Mmeshanichangia mara moja. Ningeanzaje?"

Hilo neno nililibeba nikaenda nalo stoo, nikalia peke yangu katikati ya mashuka.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Kulaza kiti hakuli chaji ya maana. Ni mota inayofanya kazi sekunde chache tu. Kinachokula chaji ni kuendesha, hasa kwenye mchanga na mlima. Zile taa zilikuwa zinashuka kwa sababu betri zilikuwa mbovu, guso dogo tu zinayumba. Yaani alinyima ngozi yake kitu ambacho kingemgharimu karibu na bure. Na mimi niliyemfundisha kulaza kiti sikuwahi kumwambia hilo, kwa sababu hata mimi sikulijua.

Wiki hiyo nikatafuta fundi anayejua betri kweli kweli. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayehudumia sola na mitambo ya kuhifadhi umeme wa kompyuta. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote bila kuficha. Alikubali kuja nami hadi Kigamboni. Alipoona mpira wa tyubu akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hapa mmemfunga punda na ng'ombe jembe moja."

Nawaandikia alichonifundisha kama nilivyokielewa, maana najua humu wapo wenye baba, mama, mke au mtoto kwenye kiti cha umeme.

La kwanza, aina ya betri. Betri ya gari kazi yake ni kupiga staata. Inatoa moto mwingi kwa sekunde chache, halafu injini ikiwaka alteneta inaijaza tena. Haikutengenezwa kukamuliwa kutwa nzima mpaka ikaribie kuisha. Ukiifanyia hivyo kila siku, inakufa haraka, hata iwe mpya ya jana. Kiti mwendo kinataka betri iliyotengenezwa kutumika kwa kina na kuchajiwa tena kila siku. Kwenye viti vingi ni zile zilizozibwa kabisa, ama za AGM ama za jeli. "Haihitaji maji" si sawa na "inafaa kiti mwendo." Hapo ndipo niliponaswa. Na ile ya kuongeza maji msiiweke kabisa: kiti kikiinama tindikali inaweza kumwagika, na mtu asiye na hisia ataungua bila kujua.

Betri za sola je? Zipo za jeli nzuri tu, ila nyingi ni kubwa, haziingii kwenye kiti. Zile ndogo za mitambo ya kompyuta nyingi zimetengenezwa kukaa zikisubiri umeme ukatike. Kazi ya kila siku zinaichoka mapema.

La pili, mbili ni mbili. Viti vingi vya umeme vinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa moja nyuma ya nyingine. Moto uleule unapita kwenye zote. Ukiweka mpya na mzee, mzee anaishiwa kwanza, anaendelea kukamuliwa akiwa mtupu. Wakati wa kuchaji, chaja inaona jumla tu, haijui nani kashiba na nani ana njaa. Mwisho wake mzee anamuua kijana. Nunua mbili, aina moja, ukubwa mmoja, kampuni moja, siku moja. Kama hela inatosha moja, subirini ifike ya mbili. Najua inauma kusikia hivyo. Mimi niliharakisha, na mnaona.

La tatu, ukubwa. Usibahatishe. Soma kibandiko cha betri ya zamani au kitabu cha kiti. Tazama namba yenye herufi Ah: ndiyo inayosema betri inabeba kiasi gani. Viti vidogo vya kukunja vinaweza kuwa na 12, vya kati 35 au 50, vikubwa 70 na zaidi. Pima urefu, upana na kimo kwa rula. Angalia vichwa vya kufungia waya vimekaa upande gani. Cha Kaka kilitaka 50. Mimi nilimpelekea 35.

La nne, usilipe kabla ya kupima. Betri inaweza kuwa haijatumika ikawa mzee, imekaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa. Uliza imetengenezwa lini. Mwambie muuzaji aweke mita. Betri ya aina hii ikiwa imejaa na kupumzika masaa kadhaa inasoma kama 12.7 hadi 12.9. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma 12.0 ikiwa bado dukani, mwachie mwenyewe. Mzee akaongeza kwamba volti peke yake inadanganya. Betri mbovu inaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia, ukiipa mzigo inaporomoka. Alimwambia Kaka apandishe kiti kwenye ngazi ya zege ya mlangoni huku ameshikilia mita. Ile ya zamani ikashuka mbele ya macho yetu kama ndoo iliyotoboka.

La tano, chaja. Iwe ya volti 24, na iendane na aina ya betri, maana jeli haipendi kuchajiwa kwa volti kubwa. Nguvu yake, kwa makisio ya mafundi, iwe karibu sehemu ya kumi ya ile Ah: betri ya 50, chaja ya ampia 5 hivi. Na kama kiti kimetoka Marekani, soma kibandiko cha chaja kabla ya kuchomeka. Kule umeme wao ni volti 120 hivi, wetu 230. Zipo chaja zinazokubali zote mbili na zipo zisizokubali. Isiyokubali itakupa moshi siku ya kwanza.

Kuna aliyeniuliza kuhusu lithiamu. Ni nyepesi, na inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Lakini inataka chaja yake, inataka mfumo wake wa ulinzi ndani, na kiti chenyewe kiwe kinaikubali. Msimpe fundi wa simu aunge seli za lithiamu za kuokoteza chini ya makalio ya mtu asiyeweza kukimbia moto.

Sasa matunzo. Hapa Mama yake Kaka ndiye aliyetoa siri. Mzee alipouliza inachajiwa masaa mangapi, Mama akasema, "Mimi saa nne usiku nachomoa, baba. LUKU inaisha."

Wapendwa, tukapiga hesabu pale pale mkekani. Volti 24 mara Ah 50 ni wati-saa 1,200. Ukiongeza unaopotea njiani, kujaza betri zilizoisha kabisa ni kama uniti moja na nusu. Ni sawa na pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja na nusu. Na kwa siku ya kawaida haifiki huko, kwa sababu betri hazirudi tupu. Mama akashika kinywa. Alikuwa anaokoa nusu uniti na kuua betri ya malaki.

Betri ya risasi inataka kushiba. Mara nyingi ni masaa nane hadi kumi na mawili, mpaka taa ya chaja ibadilike. Ikiachwa na njaa, ndani yake kunaganda kama chumvi kwenye sufuria, na ikishakaa muda haitoki tena. Kwa hiyo ukitumia kiti leo, kichaji leo usiku, hata kama umetumia kidogo. Ile habari ya "subiri iishe kabisa ndo uchaji" ilikuwa ya betri za aina nyingine za zamani. Betri ya risasi usiifanyie hivyo. Umeme ukikatika usiku, chomeka tena ukirudi, hata mchana. Mgonjwa akilazwa wiki mbili, kiti kisiachwe nyumbani bila chaji. Kijazwe, kisha kikumbukwe tena angalau kila mwezi. Viti vingi vya msaada vinatufikia betri zikiwa zimeshakufa kwa sababu vimekaa baharini na bohari miezi bila kuguswa.

Joto nalo ni adui. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi joto 10 zinazozidi 25, umri wa betri ya risasi unapungua karibu nusu. Dar es Salaam yetu hii mnaijua. Kiti kikae kivulini, kichajiwe penye hewa, mbali na jiko na sigara, bila kufunikwa na blanketi. Kila mwezi angalia vichwa vya betri: kama kuna unga mweupe au wa kijani, au waya umelegea, mwite fundi. Kiti kizimwe kwanza, chaja ichomolewe, pete na bangili zivuliwe. Spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja inawaka cheche inayoweza kukuchubua nyama ya kidole.

Na zilizokufa msiwape watoto wachezee, wala msizipasue kutoa risasi ya chubwi za nyavu. Risasi inaingia mwilini kimya kimya na inaharibu akili ya mtoto. Wenzetu wa Owino Uhuru pale Mombasa waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wao wakakutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido aliyesimama kuwapigania alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Rudisheni dukani. Wauzaji wengi wanazichukua na kukupunguzia kidogo.

Turudi kwa Kaka. Betri mbili za kweli zilikuwa bei ya zaidi ya mara nne ya mchango wetu. Safari hii sikukimbilia kuchangisha. Nilikaa naye, na Mama, na mpwa, tukauliza: tunaweza nini? Kikoba cha Mama kikakopesha sehemu. Mzee fundi akakubali iliyobaki ilipwe kwa awamu tatu kutoka kibandani. Kaka akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Hii sasa ni yangu. Ikisumbua nitapiga kelele." Nikaelewa. Mchango wetu ulimpa betri, lakini ulimnyang'anya mdomo.

Kidonda kilichukua miezi minne na nusu kufunga, mingi kati yake akiwa amelala kifudifudi, kibanda kimefungwa. Nilikisafisha mwenyewe kila nilipokuwa zamu. Kila nikitoa bandeji nilikuwa naiona ile picha tuliyopiga siku ya kukabidhi betri.

Chuoni walinifundisha kuuliza ngozi, mkojo, choo, usingizi. Hakuna aliyenifundisha kuuliza betri. Sasa nauliza. Mgonjwa yeyote wa kiti cha umeme akija kwangu, kabla sijamgeuza namuuliza maswali matatu: jana ulichaji mpaka taa ikabadilika? Betri zako zina umri gani? Kuna kitu umeacha kufanya ili chaji isiishe? Hilo la tatu ndilo kubwa. Mmoja aliniambia ameacha kwenda msikitini. Mama mmoja aliniambia ameacha kunywa maji mchana, kwa sababu akienda chooni mara nyingi chaji haitoshi, na alikuja na maambukizi ya njia ya mkojo ya tatu mwaka huo. Betri ilikuwa inaandika faili lake na sisi tulikuwa tunampa vidonge.

Kwa hiyo ombi langu la leo ni dogo. Kama nyumbani kwenu kuna kiti cha umeme, usiku huu kabla hujalala nenda kaangalie kama chaja imechomekwa na taa inawaka. Halafu kesho muulize mwenye kiti, kwa upole, anabana nini.

Kaka yupo kibandani. Juzi alinipigia simu saa tatu asubuhi, nikashtuka nikajua kidonda. Akasema, "Sista, taa moja imeshuka mapema leo, nimeshamwita mzee aje apime." Sijawahi kufurahia malalamiko ya mgonjwa kiasi hicho.

Sehemu ya 7 ni mto wa kukalia, safari hii kweli. Usiku mwema.